Simu inaona Wi-Fi, imprimanti haioni

Swali: Jambo fundi, niko Bukavu huku Kadutu, niko na kasekretariati kadogo hapa nyumbani, wanafunzi wanakuja kuchapisha TFC zao (kazi ya kumaliza masomo). Nimenunua imprimanti mpya ya Wi-Fi lakini inatafuta, inatafuta, haioni rezo yetu inaitwa Maison_5G, na simu yangu inaingia bila shida yoyote. Wa dukani anasema niirudishe. Kweli nirudishe? – Mama wa sekretariati

Jibu: Jambo mama. Usirudishe kwanza, mimi naona hiyo imprimanti ni nzima kabisa. Ruta nyingi za sasa zinarusha mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na imprimanti nyingi za bei ya kawaida zinasikia 2.4 tu, simu yako inasikia yote mbili ndiyo maana inaingia. Na hiyo 5G ya kwenye jina mara nyingi inamaanisha gigahezi 5, si ile 5G ya kampuni za simu, watu wengi wanachanganya hapo. Basi ingia kwenye ukurasa wa ruta, anwani yake huwa imebandikwa chini ya ruta yenyewe, washa 2.4 kama imezimwa, uipe jina lake, mfano Maison tu, imprimanti uikonekte hapo. Simu ibaki kwenye 5 hakuna shida, zitaonana, ila usiweke kimoja kwenye rezo ya wageni maana ile mara nyingi inazuia vifaa kuonana.

Ikiona rezo halafu ikakataa modipasi, angalia kama uliweka é au ê ndani. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaziweka bila kufikiri, lakini modipasi ya WPA2 (ulinzi wa Wi-Fi) inataka herufi zisizo na alama za juu kama hizo, 8 mpaka 63.

Kitakachokusumbua zaidi mama ni umeme. Ukikatika ukarudi, ruta inaweza kuipa imprimanti anwani nyingine, komputa inaendelea kuitafuta kwenye ile ya zamani, inakuambia imprimanti haipo, na mwanafunzi amesimama mlangoni anatakiwa kudepoze kazi mchana huo huo, inauma sana. Kwa hiyo siku ile ile ya kwanza toa karatasi ya konfigirasyo ya imprimanti, chukua namba ya MAC iliyo pale (ndiyo kitambulisho cha imprimanti kwenye rezo), kwenye ruta upande wa DHCP, ule unaogawa anwani, uifungie anwani moja isiyobadilika. Na umeme ukirudi, acha ruta iwake mpaka imalize, ndipo uwashe imprimanti.