Mafuta ya kupaka ya kipande yanayeyukia mkobani

Dada, umeuliza kwa nini mafuta yako ya kupaka ya kipande, yaani yale magumu kama kipande cha sabuni, yanayeyukia mkobani. Kwa joto la Dar tatizo lako ni mafuta ya nazi. Umesema nusu nzima ya mchanganyiko ni nazi, na nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Hapo kipande hakiwezi kusimama hata ukiongeza harufu nzuri namna gani.

Pima kwa mizani, siyo vijiko. Anza na nta ya nyuki gramu 40, siagi ya kakao gramu 30, na mafuta ya maji kama alizeti au ufuta gramu 30. Nta huyeyuka karibu na nyuzi 63, ndiyo inayoshikilia kila kitu. Kikiwa kigumu mno na kinakwaruza ngozi, punguza nta gramu tano. Nta ya Tabora ni nzuri sana, ila ichuje kwa kitambaa. Ukipenda siagi ya shea, ile inayotoka kwenye kokwa za mti wa shea, ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, kwa hiyo isichukue nafasi yote ya kakao.

Yeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji moto. Nta ikiwekwa moja kwa moja motoni inaweza kuwaka. Na tone la maji lisiingie, litaleta ukungu.

Mafuta ya limao usiweke, mengine huunguza ngozi ikipigwa jua. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri siku moja. Na kwa mwanao uliyesema ana pumu ya ngozi, mwone daktari wa ngozi kabla ya kumpaka.