Volti 6 zimekwenda wapi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina betri ya volti 12 na balbu ndogo iliyoandikwa volti 6, ampea 0.1. Nilifunga rezista mbili (vipande vya kubana mkondo) za kilo-omu 10, yaani omu 10,000 kila moja, kwa mfululizo ili nipate nusu ya volti katikati. Mita ilisoma 6 kamili. Nilipounganisha balbu kwenye rezista ya chini, haikuwaka, na mita ikaporomoka karibu na sifuri. Balbu ni nzima, nimeijaribu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ilikuwa sahihi mpaka ulipoleta balbu. Rezista zilizofuatana hupitisha mkondo uleule, kwa hiyo zikilingana, kila moja hupata nusu ya volti. Kinacholazimisha hivyo ni kile kiungo cha katikati, pale rezista mbili zinapokutana. Chaji zikiingia pale nyingi kuliko zinazotoka, hurundikana na kubadilisha volti ya kiungo, hadi kinachoingia kilingane na kinachotoka. Hayo huisha kabla hujapepesa jicho. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado naliona jambo la ajabu.

Sasa balbu yako. Gawa volti 6 kwa ampea 0.1 upate ukinzani wake, yaani kiasi inavyobana mkondo: omu 60. Ulipoifunga sambamba na rezista ya chini, mkondo ulipata njia mbili zenye volti ileile, na njia nyepesi ndiyo huchukua zaidi: zaidi ya asilimia 99 ulipita kwenye balbu. Lakini asilimia 99 ya nini? Juu yake kuna omu 10,000 za rezista ya juu zinazobana, hivyo mkondo wote haukufika miliampea 1.2, na balbu inataka 100. Chini zilibaki volti 0.07 hivi, pungufu ya hapo, kwa kweli, maana waya wa balbu ukiwa baridi ukinzani wake ni mdogo zaidi.

Mita ilisoma 6 kwa sababu mita ya kidijitali kwa kawaida ina ukinzani wa megaomu 10 hivi. Haichoti mkondo wa kuhesabika.

Ondoa rezista zote mbili. Weka moja ya omu 62, karibu sawa na balbu, mfululizo nayo, ili zigawane volti nusu kwa nusu. Itatoa joto la wati 0.6, basi chukua ya wati 1 au 2. Niliwahi kufunga ya robo wati mahali kama hapo; mistari yake ya rangi iligeuka kahawia, na harufu ya kuungua ikakaa chumbani hadi jioni.

Zile za kilo-omu 10 zitunze. Ukiziunganishia kifaa chenye ukinzani wa kilo-omu 100, bado utapata volti 5.7.