Zawadi za mahafali kwa walimu na marafiki

Dada, umesema binti yako anamaliza darasa la saba, walimu ni wengi, na ana marafiki zake wanne, na mfuko umekauka. Mimi ningewapikia walimu kashata za karanga.

Kaanga karanga, zipoe, uzipukuchue maganda, kisha uzitwange kidogo tu, zibaki chengachenga. Kwa vikombe viwili vya karanga, yeyusha kikombe kimoja cha sukari kwa moto mdogo, bila maji, hadi iwe rangi ya asali. Usiondoke jikoni hapo, ikipita kidogo tu inakuwa chungu. Tia karanga na iliki, koroga haraka, mwaga kwenye sinia uliyoipaka mafuta, sukuma kwa chupa, na ukate ingali moto. Ikishapoa utavunja, hutakata. Pika siku moja kabla na ufunge vizuri, maana hewa ya unyevu huzifanya zinate.

Kufungia, pita kwa fundi cherehani uombe vipande vya kitenge vinavyobaki. Wengi hukupa bure. Vipande hivyohivyo, ukivigundisha juu ya boksi gumu na kukata vipande virefu vyembamba, vinatosha kuwa alama za kitabu kwa wale marafiki.

Maua ya plastiki achana nayo, walimu wanayo tele. Ila binti aandike mwenyewe, kwa mkono wake, jambo moja alilofundishwa na kila mwalimu. Asiandike "asante kwa yote".