Nimeumia mgongo: je, nidai bima ya kadi ya benki?

SWALI: Assalamu alaikum Sheikh. Niko Nakuru, mtaa wa Bondeni. Nilikuwa msimamizi wa ghala, nikagongwa na nduthi, nikaumia uti wa mgongo. Daktari anasema mwaka huu sitarudi kazini. Nina kadi ya mkopo yenye deni la shilingi 180,000. Kumbe kila mwezi benki ilikuwa ikinikata 1,440 za "ulinzi wa malipo", eti mtu akipata ulemavu kadi inalipiwa. Je, ni halali nidai? Halafu fomu inauliza kama nafanya kazi yoyote. Mimi hukaa kwenye kibanda cha mke wangu nikitoa huduma ya M-Pesa. Niandike hapana?

JIBU: Wa alaikumus salaam warahmatullah. Allah akupe shifaa ya haraka na akulipe kwa subira yako.

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo zito. Usiandike hapana. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi aliyoipokea Muslim: "Mwenye kutughushi si katika sisi." Andika kwamba unakaa kibandani, saa kadhaa kwa siku, na unapata kiasi gani ukipata. Huenda ukweli huo usikudhuru hata kidogo. Mikataba hii haifanani: mmoja hulipa ukishindwa na kazi yako uliyokuwa ukiifanya, mwingine hulipa ukishindwa na kazi yoyote inayolingana na elimu na uzoefu wako. Kuhesabu pesa ukiwa umeketi si kunyanyua magunia. Mwombe mkeo akusomee kifungu cha maana ya ulemavu kabla hujashika kalamu, na umpelekee daktari nakala, kwa kuwa na yeye ana sehemu yake ya kujaza na tarehe zenu lazima zipatane. Ukificha kibanda na wao wakakigundua, hutapata malipo na dhambi utabaki nayo.

Sasa elewa unadai nini. Wengi hudhani deni linafutwa. Mara nyingi sivyo. Kinacholipwa ni kile kiasi cha chini cha kila mwezi, tena kwa miezi iliyowekewa mpaka, na baada ya kipindi cha kungoja ambacho aghalabu ni siku 30 za kutojiweza. Tuseme kiasi cha chini ni asilimia 5, yaani 9,000, na riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 6,300. Ongeza ada ya 1,440 ikiwa bado wanaikata. Kinachopunguza deni lenyewe ni 1,260 tu. Mwaka ukiisha umelipiwa 108,000 na deni limekaa karibu pale pale! Ipo mipango inayomaliza deni lote, lakini hiyo kwa kawaida hutaka kifo au ulemavu wa kudumu. Na usiache kulipa ukingoja majibu ya dai, maana faini zitakuwa zako. Ulichonunua kwa kadi baada ya ajali nacho mara nyingi hakihesabiwi.

Hukumu yake je? Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah, baraza la wanazuoni wa nchi za Kiislamu, iliamua mwaka 1985 kwamba bima ya kibiashara ya ada maalumu haifai kwa sababu ya gharari kubwa iliyomo, yaani mashaka juu ya kinachouzwa na kununuliwa. Mwaka 2000, ilipokutana Riyadh, ikasema kadi yenye sharti la riba haifai hata kama mwenyewe ananuia kulipa kabla riba haijaanza. Kwa hiyo kadi hiyo ifunge, na ulinzi huo usiuhuishe. Anayetaka kinga atafute takaful, yaani bima ya kuchangiana na kusaidiana inayofuata sharia.

Lakini wewe umeshakatwa. Kadiri ya ulichotoa ni haki yako bila shaka. Kinachozidi hapo wanazuoni wamehitilafiana, na mimi naegemea kwamba mtu wa hali yako adai: umeingizwa bila kujua, umefikwa na dhiki, na shilingi yenyewe haiingii mfukoni mwako bali inarudi benki. Kama hukuwahi kutia saini ulinzi huo, dai pia urudishiwe ada zako, na wakikuzungusha peleka malalamiko Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Si jambo geni. Uingereza benki zilirudisha zaidi ya pauni bilioni 38 kwa ajili ya bima za namna hii, nyingine zikiwa zimeuzwa kwa watu ambao masharti yenyewe yaliwazuia kudai.

Jambo jingine, nenda benki na barua ya daktari uombe wasimamishe riba, ulipe deni kidogo kidogo. Allah amesema: "Na akiwa mdaiwa ana dhiki, basi angojewe mpaka afarijike" (2:280). Meneja huenda asiijue aya hiyo, ila anajua kwamba mtu aliyelala kitandani hana cha kunyang'anywa, na benki hukubali kupanga upya madeni kuliko watu wanavyofikiri.

Deni likikushinda kabisa, wenye madeni wametajwa kati ya wanane wanaostahiki zaka (9:60). Mwone imamu wa msikiti wenu na karatasi zako mkononi, usione haya.

Wallahu aalam.