Ukitoka kwenye dhahania kwenda kuchora pwani

Kwa miaka kumi na moja nilichora picha dhahania tu, zile zisizoonyesha mtu wala kitu. Vibao vya rangi, mistari ya mkaa, tabaka juu ya tabaka, na picha nikazipa namba badala ya majina. Nilizipenda na bado nazipenda. Kisha kodi ya studio Dar es Salaam ikanishinda, nikahamia Bagamoyo, kilomita kama 70 hivi, na kabla mwaka haujaisha mkono wangu ulikuwa umeanza kuchora ngalawa. Wachoraji vijana kadhaa wameniuliza nilianzaje, na kama sikuogopa kupoteza wateja. Niliogopa. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza, usichome picha zako za zamani. Kuna kipindi nilizitoa zote nje, nikaziegemeza ukutani, kiberiti mfukoni. Najua siko peke yangu: karibu na mwaka 1950 mchoraji Mmarekani David Park, aliyekuwa akifundisha San Francisco, alizipeleka picha zake za dhahania jalalani kisha akarudi kuchora watu. Rafiki yake Richard Diebenkorn alimfuata njia hiyo mwaka 1955, ila mwaka 1967, akiwa Santa Monica karibu na bahari, akarejea dhahania na kuanza mfululizo wa picha za Ocean Park, ambao kwangu mimi ndio kilele cha kazi yake yote. Hujui utarudi lini. Picha zangu nilizirudisha ndani, na leo ndizo ninazozitazama kila ninapokwama.

Maana ukweli ni kwamba anayetoka kwenye dhahania haendi pwani mikono mitupu. Anajua kibao cha buluu kina uzito gani kikikaa juu ya kahawia, na anajua ukingo mkali unafanya nini na ukingo uliofifia unafanya nini. Mchoraji Nicolas de Staël ndiye aliyenionyesha hilo. Alizaliwa Urusi, akaishi Ufaransa. Machi 1952 alikwenda uwanja wa Parc des Princes mjini Paris kutazama mechi ya soka ya usiku, Ufaransa na Sweden, akarudi studio na kuwachora wachezaji kwa vibao vilevile vizito alivyokuwa akivijenga kwenye dhahania. Baadaye akahamia Antibes, ukingoni mwa Mediterania, akachora mashua, shakwe na ngome, hadi alipofariki hukohuko Machi 1955. Tazama bahari zake: zimejengwa kama ukuta, kibao kwa kibao, na bado unasikia maji. Mkono haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa na mtu wa kumjibu, yaani kile kitu kilichokuwa mbele yake.

Hapo ndipo nilipoteleza, na hapo ndipo nataka ukae nami kidogo.

Picha yangu ya kwanza kubwa ya Bagamoyo ilikuwa jahazi likitoka, minazi pembeni, mawingu mazito upande wa kushoto. Niliridhika nayo sana. Nikaipeleka ufukweni, karibu na soko la samaki, kwa nahodha mmoja mzee ambaye nilikuwa nikimwona kila asubuhi akishona tanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete nione."

Akaitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza, "Chombo hiki kinakwenda na upepo gani?"

Nikamwambia kusi, ule upepo unaotoka kusini.

"Minazi yako imelala na kusi, nimeiona. Lakini tanga lako limejaa kaskazi. Na vyote viko mahali pamoja, siku moja."

Alisimama, akashika pindo la shati lake na kulinyoosha. Upepo ukalijaza, tumbo la shati likaelekea kushoto kwetu, upande uleule ambao makuti yalikuwa yakielekea. "Tanga ni hivi," akasema. "Upepo ukitoka kule, tumbo haliwezi kurudi kule." Kisha akanionyesha jinsi mlingoti unavyoinamia mbele, jinsi foromali, ule mti mrefu wa juu, inavyobeba tanga, na kamba ya demani inavyokaza pembe ya nyuma.

Mimi tumbo la tanga nilikuwa nimelielekeza kulia kwa sababu kushoto kulikuwa na wingu zito, nikataka mizani. Kwenye dhahania hilo ni jambo la dakika mbili: umbo halikai vizuri, unalisogeza. Pwani kila umbo limefungwa kwa lingine. Ukisogeza tanga umegeuza upepo, na ukigeuza upepo itabidi ugeuze makuti, mawimbi, moshi wa wakaanga samaki, hata kanga ya mama aliyesimama majini akisubiri mzigo. Wenye bahari wataona kabla hujamaliza kufungua kanvasi.

Sasa usikate tamaa na kuanza kunakili kila kitu kama kamera. Mizani niliihitaji kweli, ila ilibidi niitafute ndani ya vitu vilivyopo. Nililigeuza tanga likafuata upepo, na kulia, pale palipobaki patupu, nikaweka ngalawa iliyolala mchangani, gogo lake la mwembe limekauka na kuwa jeusi, matengo yake yametanuka kama mikono. Ilikuwepo pale tangu mwanzo, sikuwa nimeiona. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndio huu: picha ikiyumba, kabla hujasogeza chochote, inua macho utazame tena ufukwe. Mara tisa kati ya kumi kitu unachokihitaji kimelala hapo.

Mwanga nao una sheria zake. Bagamoyo inatazama mashariki. Alfajiri jua linatoka baharini, vyombo vyote vinakuwa vivuli vyeusi bapa, karibu havina undani wowote. Kwa mtu anayetoka kwenye dhahania hiyo ndiyo saa ya kuanzia, maana maumbo ni yaleyale uliyoyazoea. Alasiri jua liko mgongoni mwako na rangi zinafunguka: utepe wa kahawia pale mchanga unapotibuliwa, kijani cha maji machache, kisha buluu. Nilichora alfajiri tupu miezi minne kabla sijathubutu alasiri. Na wateja wakikuomba jua likizama baharini nyuma ya jahazi la Bagamoyo, waambie ukweli kwamba hapa linazama nyuma ya mji. Wakilitaka hilo, wavuke Unguja, wakae Forodhani jioni.

Kuhusu maji, wachoraji wa mjini huwa hatuna habari. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50. Ukianza picha Jumatatu saa moja asubuhi, ukirudi Ijumaa saa ileile, mwanga utakuwa wako lakini maji yatakuwa ya mtu mwingine. Inachukua kama wiki mbili mwanga na maji kukutana tena. Nilipoteza picha nyingi kabla ya kulielewa hilo, nikizirekebisha na kuzirekebisha hadi zikawa tope. Siku hizi nina kanvasi ya siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yakipwa mbali kama saa nne au saa tano asubuhi na vyombo vikalala ubavu. Na nina nyingine ya maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana. Hazichanganyiki.

Vifaa visiwe vingi. Hadibodi ndogo ya sentimita 30 kwa 40 haipeperushwi kama kanvasi kubwa. Ipake kwanza rangi ya kijivu au ya udongo, kwa sababu nyeupe kwenye jua la pwani inaumiza macho na utakosea kila rangi utakayoweka juu yake. Rangi ya akriliki inakaukia kwenye brashi, hivyo beba maji ya kutosha.

Biashara itayumba, sitakuficha. Mwenye galari mmoja aliyekuwa akiniuzia kazi zangu kwa muda mrefu alinirudishia picha zangu zote zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, akisema wateja wake hawanunui mashua. Niliumia. Lakini sikushusha bei, na usishushe: ukishusha, umekiri mwenyewe kwamba kazi mpya ni ndogo kuliko ya zamani. Kilichonisaidia ni kutundika kazi mbili pamoja, dhahania moja ya zamani na pwani moja mpya, ukutani kwangu, na kumkaribisha mteja mmoja mmoja. Mama mmoja aliyenunua dhahania zangu tatu miaka iliyopita alisimama katikati yake, akageuka huku, akageuka kule, akaniambia, "Kumbe ulikuwa unachora bahari siku zote." Alinunua ile mpya.

Picha ya jahazi niliirudisha kwa nahodha baada ya wiki tatu. Safari hii aliitazama kwa ukaribu, akafuata foromali kwa kidole bila kuigusa rangi, akakubali kwa kichwa. Kisha akasema, "Ila tanga langu lina kiraka. Pale juu, karibu na foromali. Kitie."

Nilikitia jioni ileile, mstatili mdogo wa rangi ya udongo mwekundu, upana wa vidole viwili.