Miadi Bado, Muwasho Umerudi: Majibu kwa Barua Zenu Kuhusu Maambukizi ya Ukeni

Barua nyingi zilizofika safari hii zimeandikwa na wanawake ambao wameshapewa rufaa au kupangiwa siku ya kumwona daktari wa magonjwa ya wanawake, na sasa wanauliza waishi vipi mpaka siku hiyo ifike. Nimechagua saba. Nilizisoma nikitafuta jambo moja, kwamba mgonjwa aliwahi kuchukuliwa ute ukapimwa kabla ya kupewa dawa, na nimelikuta katika barua moja tu. Wengine wote wametibiwa kwa maelezo yao ya mdomo, jambo linaloeleweka katika zahanati isiyo na hadubini, lakini ndiyo sababu wengi wanauita "sugu" ugonjwa ambao bado haujajulikana ni upi.

Nina miaka 29, naishi Morogoro. Tangu Januari huu ni mara ya nne napata muwasho mkali na ute mweupe mzito kama maziwa ya mgando. Zahanati wamenipa rufaa, lakini miadi ni baada ya wiki tatu. Nifanyeje huku nikisubiri?

Dada yangu, unavyoeleza hali yako inafanana sana na fangasi aina ya kandida, na mtu anayezipata mara 3 au zaidi ndani ya mwaka huhesabiwa kuwa na fangasi za kujirudia, ambazo matibabu yake si yale ya kidonge kimoja unachouziwa dukani. Hata hivyo kufanana si kuthibitika. Ute mwepesi wa kijivu wenye shombo ya samaki huelekeza kwa bakteria waliozidi, na ute wa njano au kijani wenye povu huelekeza kwa trikomonasi, ambayo ni ya zinaa. Wanawake wengi huwa na mchanganyiko, na wengine hawana dalili hizo za vitabuni kabisa. Fangasi hutibiwa kwa klotrimazoli au flukonazoli, ilhali hizo nyingine mbili hutibiwa kwa metronidazoli, ambayo wengi wetu tunaiita Flagyl. Flagyl haiui fangasi hata ukimeza boksi zima, na antibayotiki nyingi huua bakteria walinzi wa uke na kuziachia fangasi nafasi ya kustawi, kwa hiyo mtu anaweza kujitibu mwaka mzima huku akiulisha ugonjwa wake.

Ngozi ya nje ndiyo inayokutesa sasa, nawe uitunze kama ngozi yenye jeraha. Osha nje tu kwa maji matupu, mara moja au mbili kwa siku, jikaushe kwa kugusagusa taratibu bila kusugua, na ukiwa chooni jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Vaa chupi ya pamba isiyobana, na usiku lala na kanga bila chupi. Muwasho ukizidi, weka kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi kwa dakika kumi, kisha paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato kwenye mashavu ya nje ili mkojo usichome. Kumbuka tu kwamba mafuta hayo, kama zilivyo krimu nyingi za fangasi, hudhoofisha kondomu za mpira. Kata kucha, kwa sababu mtu hujikuna usingizini bila kujua. Weka mbali sabuni za manukato, Dettol, na zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi ambazo hutuliza kwa siku mbili kisha, zikitumiwa kwa muda mrefu, huifanya ngozi kuwa nyembamba.

Wiki tatu hizo pia zina kazi. Vipimo vya sukari, VVU na ujauzito kwa kawaida hupatikana karibu na nyumbani, na majibu yake yanaweza kuwa ndiyo ufunguo, kwa kuwa kisukari kisichojulikana ni chanzo kinachosahaulika sana cha fangasi zisizoisha. Andika kwenye daftari tarehe za hedhi, siku dalili zilipoanza, njia ya uzazi wa mpango unayotumia na kila dawa uliyokwisha kutumia, na maboksi yake ubebe. Siku mbili kabla ya miadi usiweke dawa yoyote ukeni wala usijamiiane, ili ute utakaochukuliwa useme ukweli. Daktari akithibitisha ni kandida, huenda akakuandikia dozi ya kuanzia ikifuatiwa na kidonge kimoja cha flukonazoli kila wiki kwa miezi 6, lakini mpango huo usijipangie mwenyewe, kwa sababu dawa hiyo hugongana na dawa nyingine kadhaa na kuna aina za kandida zisizoisikia.

Subira hii ina mpaka. Ukipata homa, maumivu ya chini ya kitovu, maumivu ya ndani wakati wa tendo, vidonda, au damu isiyo ya hedhi, usingoje miadi. Nenda siku hiyohiyo, kwa kuwa baadhi ya hizo zaweza kuwa dalili za maambukizi yaliyokwishapanda kwenye kizazi na mirija, yale mnayoyajua kwa jina la PID.

Ni kweli kwamba mtindi na kitunguu saumu vikiwekwa ukeni vinaponyesha fangasi?

Mtindi kula, una faida zake tumboni, lakini ule wa dukani mara nyingi una sukari, na bakteria wake si lazima wawe wale wanaoishi ukeni. Kitunguu saumu kibichi huunguza ngozi, na nimewahi kumwondolea mtu punje iliyokuwa imekwama siku tatu. Wanaowauzieni vidonge vya asidi ya boriki mitandaoni nao hawasemi yote: hutumika kweli kwa fangasi fulani zisizosikia dawa za kawaida, kwa maelekezo ya daktari, lakini ni sumu ikimezwa na haifai kwa mjamzito.

Naandika kutoka Mombasa. Kila baada ya tendo la ndoa natoa shombo ya samaki, nami naona haya mbele ya mume wangu. Mavyaa ameniambia nijisafishe ndani kwa maji ya ndimu na shabu, kisha nijifukize udi. Miadi yangu ni mwisho wa mwezi. Nimfuate?

Mavyaa wako amekutakia heri, na mkatalie kwa adabu. Ndani ya uke wenye afya wanaishi bakteria wanaotengeneza asidi laini, kiasi cha pH 3.8 hadi 4.5, na asidi hiyo ndiyo inayowazuia wageni. Walinzi hao wakipungua, bakteria wengine huongezeka na kutoa kemikali zenye shombo. Na kwa kuwa shahawa si tindikali, zinapokutana na ute huo harufu huachiliwa kwa nguvu, ndiyo maana unaisikia zaidi baada ya tendo. Ukiosha ndani unawafagia walinzi waliobaki. Harufu hupotea kwa saa chache, kisha hurudi ikiwa kali kuliko kwanza, nawe unaosha tena, na mzunguko huo ndio uliowafikisha wengi kwangu.

Najua utauliza kwamba ndimu nayo si ni asidi. Ni asidi, lakini kali, na hujeruhi utando wa ndani, kama shabu inavyoukausha na kuubana, na utando uliojeruhiwa hurahisisha kuingia kwa VVU na magonjwa mengine. Udi endelea nao, dada, ila fukiza nguo, kanga na chumba. Usichutame juu ya chetezo, kwa kuwa moto na moshi huikera ngozi iliyokwisha kuvimba.

Hapa niseme neno ambalo limenikaa rohoni kwa miaka. Tumezoea kusema mwanamke "anatoka uchafu", na neno hilo lenyewe limetuma wanawake wengi bafuni na sabuni. Ute wa kila siku, mweupe au usio na rangi, unaoongezeka katikati ya mwezi na kuvutika kama ute wa yai, si uchafu, bali ndiyo njia ya uke kujisafisha. Kwa huo wako wenye shombo, matibabu ni metronidazoli ya siku 7 utakayoandikiwa, ukiimaliza yote, huku ukijua mapema kwamba zaidi ya nusu ya wanawake hurudiwa na hali hii ndani ya mwaka. Ikirudi, haimaanishi kwamba wewe ni mchafu. Mpaka siku ya miadi, tumieni kondomu. Huzuia shahawa kuiamsha harufu na huwapa walinzi nafasi ya kujikusanya.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Dodoma. Nina UTI sugu niliyoipata kwenye vyoo vya hosteli. Nimechoma sindano mara tatu mwaka huu na sasa nawashwa. Nisubirie nini zaidi?

Tumeliita UTI kila jambo linalotokea kati ya kitovu na mapaja, mwanangu. UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo: kwenda haja ndogo kila mara, mkojo kuchoma ukiwa unatoka, maumivu juu ya kinena. Muwasho na ute ni mambo ya ukeni, na hayo hayapatikani kwa kukalia choo cha hosteli. Tatizo huanza pale mkojo unapokusanywa bila uangalifu, ute ukaingia kwenye kikopo, seli za usaha zikaonekana, nawe ukaandikiwa antibayotiki ya UTI ambayo huna. Sindano tatu zimekwisha kuwapunguza walinzi niliowaeleza, na muwasho wa sasa huenda ni matokeo yake. Safari hii osha nje kwanza, mwaga mkojo wa mwanzo, kusanya wa katikati, omba uoteshwe maabara ikiwezekana, na uombe ute nao upimwe. Sindano ya nne isitangulie majibu.

Nina mimba ya miezi mitano, niko Mwanza, kliniki ni wiki ijayo. Jirani amenipa flukonazoli yake iliyobaki. Ninywe?

Usinywe. Vidonge vya flukonazoli huepukwa wakati wa ujauzito, kwa sababu vimehusishwa na mimba kutoka. Fangasi za mjamzito, ambazo ni za kawaida kwa kuwa homoni za ujauzito huzichochea, hutibiwa kwa klotrimazoli ya kuweka ukeni kwa siku 7, nayo upewe na muuguzi wa kliniki baada ya kukuona. Ukiona shombo, mweleze pia, kwa sababu bakteria waliozidi wamehusishwa na kujifungua kabla ya wakati na wana dawa inayoruhusiwa katika ujauzito. Na endapo kitakachotoka ni maji mengi yanayolowesha nguo, au damu, huo si muwasho wa kungojea wiki ijayo. Nenda hospitali usiku huohuo.

Mimi ni mwanamume wa Kahama. Mke wangu alipimwa ute, akaambiwa bakteria wa ukeni wamezidi, akapewa Flagyl siku saba akapona. Miezi miwili baadaye harufu imerudi na amepangiwa miadi mwezi ujao. Ndugu zangu wanasema ananisaliti. Je, ni kweli? Na mimi nitumie dawa?

Kaka, hii ndiyo barua niliyosema ina kipimo, na imenifurahisha kwamba imeandikwa na mume. Kurudi kwa hali hii hakuthibitishi usaliti wa mtu yeyote. Huwarudia pia wanawake wenye mwenzi mmoja kwa miaka. Lakini tendo la ndoa lina sehemu yake, kwa sababu bakteria haohao huweza kukaa kwenye ngozi ya uume na katika njia ya mkojo ya mwanamume bila kumpa dalili yoyote. Zamani tulifundishwa kwamba kumtibu mume hakusaidii, kwa kuwa majaribio ya awali ya kumpa vidonge peke yake hayakuleta tofauti. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Australia uliohusisha wapenzi 164, ambamo baadhi ya wanaume walipewa vidonge vya metronidazoli pamoja na krimu ya klindamaisini ya kupaka uume kwa siku 7, wakati uleule wenzi wao wakitibiwa. Katika wiki 12, hali iliwarudia asilimia 35 ya wanawake ambao wenzi wao walitibiwa, na asilimia 63 ya wale ambao wenzi wao hawakutibiwa. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa mapema.

Kwa hiyo nenda naye kwenye miadi, ulizia matibabu yenu wote wawili kwa pamoja, na mpaka hapo tumieni kondomu. Usinunue dawa ukajitibu pekee yako, maana faida hutokea mkitibiwa kwa wakati mmoja. Kama kipimo kingeonyesha trikomonasi, jibu langu lingekuwa fupi: mume lazima atibiwe, awe na dalili au hana, na mngoje wote mmalize ndipo mkutane. Hata hivyo, vimelea hivyo huweza kukaa mwilini miezi mingi bila dalili, kwa hiyo havisemi nani alianza wala lini. Ndugu zako waambie maabara imeshajibu.

Nina miaka 52, naishi Tanga, na hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita. Mwaka mzima nimetibiwa fangasi bila kupona: nawashwa, nimekauka, na siku za karibuni naona matone ya damu. Miadi yangu ni baada ya miezi miwili. Nivumilie kwa dawa gani?

Mama yangu, fangasi si ugonjwa wa kawaida kwa mwanamke aliyekoma hedhi, isipokuwa ana kisukari au anatumia homoni. Ukavu na muwasho wa umri huu mara nyingi hutokana na kupungua kwa homoni ya estrojeni, ambako utando wa uke huwa mwembamba na kuchubuka kwa urahisi, na hakuna dawa ya fangasi itakayouponya. Ipo krimu ya estrojeni ya kuweka ukeni ambayo daktari anaweza kukuandikia.

Lakini matone hayo ndiyo yaliyonifanya niiweke barua yako peke yake mezani. Damu baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, hutafutiwa chanzo kwenye mlango wa kizazi na ndani ya kizazi chenyewe, na kipimo cha siki kinachofanyika kliniki kutafuta dalili za saratani ya mlango wa kizazi hakitoshi kwa umri wako, kwa sababu eneo linalotazamwa huwa limerudi ndani. Usianze krimu yoyote kwanza. Kesho asubuhi rudi kwa aliyekuandikia rufaa, usiseme fangasi wala muwasho. Sema "natoka damu na hedhi imekoma miaka mitatu", na umwombe aiandike sentensi hiyo juu ya karatasi ya rufaa na kukuombea nafasi ndani ya wiki hii.