Chemshabongo ya wikendi imegoma: maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu karibu zote zinalalamikia kitu kimoja: chemshabongo kubwa ya mwisho wa juma, ile isiyojazwa kwa mkupuo mmoja kama za Jumatatu na Jumanne. Tumechagua tano. Kwa mgeni wa mchezo huu wa kujaza maneno visandukuni: Kulia ni majibu yanayosomwa kwenda kulia, Chini ni yanayoshuka, na tarakimu iliyo kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu.

Habari za kazi, ndugu zetu. Kona ya juu kushoto imenigomea tangu Jumamosi asubuhi. 1 Kulia inasema "Hutumika kutwangia (4)", nimejaza MCHI. 1 Chini ni "Kutunza mtoto hadi akue (5)", nimeweka MLEZI. 2 Chini inaanzia kwenye herufi ya tatu ya MCHI, "Humsukuma mtu kutafuta chakula (4)", nikaona HAMU. Yote yanaingiliana bila shida. Lakini 7 Kulia, "Maapizo (5)", inapita kwenye herufi ya tatu ya MLEZI na herufi ya tatu ya HAMU, kwa hiyo napata E_M__. Sijui neno la namna hiyo. Je, mtungaji amekosea?
*Msomaji, Morogoro*

Mtungaji yuko sawa, ndugu yetu. Amekutegea, nawe umenasa kwa majibu matatu yanayoungana mkono. Makosa ya aina hii ndiyo magumu kuyaona, kwa sababu kila jibu baya lina shahidi pembeni yake.

Acha kwanza maana ya vidokezo, tazama sarufi yake. Kidokezo cha 1 Chini kinaanza na "Kutunza". Hicho ni kitendo kilichovaa KU, na mtungaji makini hajibu kitendo kwa jina la mtu. Mlezi ni mtu anayetunza. Jibu lenyewe lazima lianze na KU na kwa kawaida liishie na A: KU__A. Hata kabla hujajua neno umeshapata herufi tatu kati ya tano. Neno ni KULEA.

Sasa kisanduku cha kwanza ni K, na MCHI imeondoka. Kutwangia kunaweza kuwa kutwanga kwa kutumia kitu au kutwanga ndani ya kitu, na vyote viwili vina herufi nne. Kinachobaki ni KINU. Herufi yake ya tatu ni N, kwa hiyo HAMU nayo imeondoka, na kinachomsukuma mtu kutafuta chakula ni NJAA. Hapo 7 Kulia inapata L kutoka KULEA na A kutoka NJAA: L_A__. Maapizo ni LAANA.

Angalia pia jinsi kidokezo hicho cha mwisho kilivyokuwa kigumu. "Maapizo" iko kwenye wingi, ungetarajia jibu lianze na MA. Laana haina alama ya wingi, ni laana moja na laana kumi. Majina ya namna hii (nyumba, njaa, barua, laana) hayakupi herufi yoyote ya bure, na ndiyo maana mtungaji wa wikendi anayapenda.

Siku nyingine, kona ikigoma, usifute neno linalokutatiza. Futa lile ambalo sarufi yake hailingani na kidokezo chake, hata kama linaonekana limekaa vizuri.

Wanangu, nimestaafu ualimu na sasa nina muda wa jedwali la visanduku 15 kwa 15. Huanza na 1 Kulia na kushuka kwa mpangilio, lakini kabla ya kufika nusu nimekwama. Nianzie wapi?
*Mwalimu mstaafu, Tanga*

Shikamoo, Mwalimu. Usianze na 1 Kulia. Soma vidokezo vyote kwanza, vya Kulia na vya Chini, na ujaze vile tu ambavyo huna shaka navyo. Mara nyingi ni methali zenye pengo ("Haraka haraka haina ___ (6)", BARAKA) na vile vya "Kinyume cha". Hata ukipata majibu manane tu mzunguko wa kwanza, inatosha. Tumia penseli. Jibu la uhakika liandike kwa herufi kubwa, la kubahatisha liandike dogo kwenye pembe ya kisanduku, ili baadaye ujue la kuondoa ni lipi.

Mzunguko wa pili ni wa kutia nukta. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu. Basi tia nukta ndogo kwenye kisanduku cha mwisho cha kila jibu ambalo hujalipata, la Kulia na la Chini. Kila nukta inayoangukia katikati ya neno lingine inakuambia kwamba hapo pana A, E, I, O au U. Kwa vitendo anza kujaribu A. Angalia tu vitenzi vilivyotoka Kiarabu, maana kwa kawaida haviishii na A: SAMEHE, FIKIRI, JIBU, RUDI. Wengi hulazimisha A hapo, kisha wanashangaa kwa nini neno la jirani halifunguki.

Mzunguko wa tatu ni wa viambishi, na hapa, Mwalimu, tunakurudisha darasani kwako. Kidokezo kikisema "Watu wanaovua samaki (6)", andika WA mara moja (WAVUVI). Kikisema "Amefariki (7)", andika AME (AMEKUFA). Wingi wa vitu vya KI ni VI au VY, wa M ya miti ni MI. Penye hatari ni majina ya U. Wingi wa ukuta ni KUTA, wa ubao ni MBAO, wa ufa ni NYUFA, wa ulimi ni NDIMI. Na kuna yale ya JI yanayobadilika sura: jino na MENO, jicho na MACHO, jambo na MAMBO. Kidokezo cha "Hutafuna (4)" kimewasumbua watu wengi kwa sababu hakuna kinachoonyesha kwamba kinaulizia wingi.

Kisha tafuta C. Katika Kiswahili C haisimami peke yake, lazima ifuatwe na H. Ikiangukia kwenye kisanduku ambapo maneno mawili yanakatana, unaandika H upande wa kulia na H nyingine chini yake, bila kufikiri zaidi. Q na X usizihangaikie, hazimo katika alfabeti yetu.

La mwisho ni akiba ya maneno mafupi yanayoanza na irabu. Mtungaji wa Kiswahili ana shida ambayo mjazaji haioni. Maneno yetu hupenda mpangilio wa konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Akiweka maneno mengi yakiwa yamebanana, safu ya pili na ya nne zinaangukia kwenye irabu, na anahitaji maneno yanayoanza na irabu ili azijaze. Ndiyo maana utakutana tena na tena na AYA, INI, ADA, ARI, UFA, UTI, UZI, ILA, OZA na IMLA. Yajue kwa moyo. Ndiyo maana pia majedwali yetu mengi yana visanduku vyeusi vingi, na maneno hukatana kila baada ya herufi moja. Hilo lina gharama yake: karibu nusu ya herufi za kila neno hazina neno la pili la kuzithibitisha, kwa hiyo jibu baya linaweza kukaa hadi Jumapili jioni bila kushtukiwa. Usilihesabu jibu kuwa la uhakika mpaka maneno mawili yanayolikata yamekubali.

Kaka zangu, naishi Minneapolis. Wenzangu kazini hujaza chemshabongo ya The New York Times. Ya Jumatatu naiweza. Ya Jumamosi naitazama tu. Kiingereza changu si kibaya. Nakosa nini?
*Dada msomaji, Marekani*

Dada yetu, hukosi Kiingereza. Gazeti hilo hupanga ugumu kwa siku: Jumatatu ni rahisi kuliko zote, ugumu unapanda kila siku, na Jumamosi ndiyo kilele. Ya Jumapili ni kubwa zaidi, kwa kawaida 21 kwa 21, lakini ukubwa si ugumu. Watu wengi huimaliza ya Jumapili na kushindwa na ya Jumamosi. Kwa hiyo usiruke kutoka Jumatatu hadi Jumamosi. Kaa na Jumanne na Jumatano mpaka uzimalize bila msaada, kisha sogea.

Mambo matatu ya kushika. La kwanza, vidokezo vya Kimarekani havitaji idadi ya herufi, unahesabu visanduku mwenyewe. La pili, alama ya kuulizia mwishoni mwa kidokezo ni onyo kwamba maneno yametumiwa kwa mchezo, usiyachukue yalivyo. Na kidokezo chenye kifupisho huomba jibu lenye kifupisho. Wingi huomba wingi, kitenzi cha wakati uliopita huomba jibu la wakati uliopita. Ni sheria ileile tuliyompa ndugu wa Morogoro. La tatu, jedwali lao halifanani na letu: kila herufi imo ndani ya maneno mawili, moja la Kulia na moja la Chini. Huhitaji kujua kila jina la mwigizaji au mchezaji wa besiboli, litajengeka lenyewe kutokana na yanayolikata. Ukikutana na majina mawili usiyoyajua yanayokatana, hapo ndipo kona inapofia kweli, na kukisia irabu ndiyo njia iliyobaki.

Mji wa New York ndiko mchezo huu ulikoanzia. Arthur Wynne alichapisha jedwali la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi. The New York Times yenyewe ilisubiri hadi mwaka 1942.

Ukihamia Uingereza utakuta aina nyingine kabisa ya chemshabongo, ambayo The Times ya London imekuwa ikiichapisha tangu 1930. Kila kidokezo kina sehemu mbili zilizoshonwa pamoja: maana ya jibu, ambayo hukaa mwanzoni au mwishoni, na maelekezo ya kulitengeneza neno. Tungetunga kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Mali iliyovurugika hutandazwa barabarani (4)". Neno "iliyovurugika" linakuamuru uvuruge herufi za MALI, na kinachotandazwa barabarani ni LAMI. Au: "Ndani ya meza kati pana fungu la maskini (4)". Ondoa nafasi kati ya maneno usome katikati: meZA KAti, ZAKA. Mwanzoni usisome kidokezo kama sentensi. Tafuta kwanza ni wapi kinapogawanyika.

Herufi hizo nne za MALI, kwa njia, zinatoa pia MILA, LIMA na IMLA. Ni zoezi zuri la kuanzia kwa anayetaka kujifunza kuvuruga herufi.

Salaam aleikum. NG'OMBE ni visanduku vingapi? Na MAALUM ninaweza kuiandika MAALUMU?
*Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam. Sita. Ile alama ya ng' haipewi kisanduku, na vivyo hivyo nafasi kati ya maneno: Dar es Salaam ni visanduku 11. MAALUM na MAALUMU zote zinatumika, kama TAKRIBAN na TAKRIBANI, na idadi iliyo kwenye mabano ndiyo inayoamua. Haya ni miongoni mwa maneno machache yanayoweza kuishia na konsonanti, kwa hiyo nukta ikikugomea mwishoni mwa neno lenye asili ya Kiarabu, jaribu M au N. Na ukiona konsonanti mbili za aina moja zimefuatana, kagua upya: nje ya majina ya watu na mahali, zinazokubalika kwa kawaida ni MM (MMEA, MMOJA) na NN (NNE).

Mume wangu anasema kufungua kamusi ni kuiba mtihani. Ni kweli?
*Mama msomaji, Nairobi*

Mwambie baba kwamba jedwali la wikendi limetungwa kwa maneno ambayo wengi hawayatumii kila siku, na mtungaji mwenyewe alikuwa na kamusi mezani. Shida ni kuifungua mapema. Ukiwa na _A_A_A peke yake kamusi haikusaidii kitu, utapitia kurasa bure. Ngoja mpaka uwe na herufi mbili za kwanza, au ya kwanza na mbili nyingine popote, ndipo uteremke kwenye safu.

Kumbuka pia kwamba kamusi haiorodheshi maneno jinsi yanavyokaa kwenye jedwali. KULEA iko chini ya L, penye "lea". NYUFA iko chini ya U, penye "ufa". Aliyepekua N nzima akakosa NYUFA na kufuta jibu sahihi amepoteza kona nzima. Na maneno mapya unayoyapata yaandike kwenye daftari kwa idadi ya herufi, ya herufi tatu ukurasa wake, ya herufi nne ukurasa wake. Wikendi ijayo utakuwa unatafuta neno la herufi nne ambalo herufi ya pili ni M, na mpangilio wa alfabeti hautakufaa.